Binti yangu amezaa na anatamani shule. Mtoto atabaki na nani?

BARUA YA MSOMAJI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Korogwe, mkoa wa Tanga. Nauza chai na vitumbua karibu na stendi. Baba watoto ni fundi ujenzi, kazi zake ni za kufuata; mwezi huu yuko Handeni, mwezi ujao hujui. Majina nimeyabadilisha, lakini mambo ni ya kweli, na nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi tunakula kila mtu kanuna.

Binti yangu, nimwite Mwanaidi, mwaka jana alikuwa kidato cha tatu, shule ya kata. Hakuwa mtoto wa matatizo. Kaka yake Hamisi amemzidi mwaka mmoja, lakini Hamisi alifeli upimaji wa kidato cha pili, akarudia, wakajikuta darasa moja. Kusema kweli Mwanaidi ndiye aliyekuwa anamfundisha kaka yake jioni. Siku moja narudi kutoka stendi kama saa tano asubuhi, namkuta amekaa chini ya mwembe na sare yake, begi liko miguuni. Kumbe matroni aliwapanga wasichana wote mstari, akawa anawaminya tumbo mmoja mmoja. Alipofika kwake akamtoa pembeni, wenzake wote wanaangalia. Akaambiwa aende nyumbani akamlete mzazi. Sikuamini, Shangazi. Nililala chini pale pale uani.

Mtoto tunaye, wa kike, ana miezi saba, mzima wa afya, na nisikufiche, ndiye anayetuchekesha humu ndani. Hata baba watoto, ambaye alikaa muda mrefu hamsemeshi binti yake, akirudi safari cha kwanza anauliza mjukuu wake yuko wapi.

Aliyempa mimba alikuwa kidato cha nne, shule hiyo hiyo. Yeye mtihani alifanya Novemba kama kawaida, akafaulu, akachaguliwa kidato cha tano. Sasa hivi yuko bweni mkoa mwingine. Wazee wake walikuja usiku, wakakaa na mume wangu sebuleni, wakaombana radhi. Waliacha laki tatu na doti mbili za khanga, tukakubaliana mambo yasifike polisi kwa sababu yule naye ni mtoto wa watu na alikuwa na mtihani. Ile laki tatu tulinunulia mabati ya jikoni, mvua ilikuwa inaingia. Tangu hapo hawajarudi, hata kuuliza mtoto anaitwa nani.

Sasa mwalimu wake mmoja nilikutana naye gengeni akaniambia, mama, waliozaa siku hizi wanarudi shule, mlete Januari. Nilipofika nyumbani nikalitaja tu, kama natania. Mwanaidi hakujibu kitu. Lakini usiku nimeamka kuangalia mchele niliouloweka, namkuta ananyonyesha, huku daftari la kemia la Hamisi limefunguliwa mapajani.

Baba yake hataki kusikia. Anasema serikali ilishasema akizaa basi. Anasema amemtia aibu mara moja inatosha, kumrudisha ni kutia maji kwenye pakacha, kesho kutwa ataleta tumbo la pili. Yuko tayari kumnunulia cherehani ajifunze kushona kwa fundi mmoja hapa mtaani, awe na kazi mkononi. Mimi sioni kama cherehani ni kitu kibaya. Mwenzangu tunayeuza naye stendi yeye anasema tusubiri yule kijana amalize, wamuoe, aibu iishe.

Na mimi nina hofu zangu. Wenzake watamcheka, wataanza kumwita mama fulani darasani. Yule matroni bado yupo. Na nani atabaki na mtoto? Mama mkwe tunaishi naye lakini macho yamepungua, huwezi kumwachia mtoto anayetambaa kwenye nyumba yenye jiko la mkaa. Mimi nikiacha vitumbua hatuli, maana hela ya ufundi inakuja leo, halafu inapotea mwezi. Hamisi yupo lakini yule ni mtoto wa kiume, na ana mtihani Novemba. Mdogo wao ana miaka tisa.

Nikimuuliza Mwanaidi mwenyewe anasema, "Mtakavyoamua, mama."

Nisaidie, Shangazi. Nimrudishe shule, au nikubaliane na baba yake tununue cherehani?

Mama Hamisi, Korogwe


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kuteka maji, nikarudi nikaisoma tena. Pole kwa yote, na hongera ya mjukuu. Hongera nadhani hukupewa nyingi.

Umeniuliza shule au cherehani. Binti wa miaka kumi na saba hivi, alikuwa anafanya vizuri, akapata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba anaona aibu na hasara, jirani anaona ndoa, wewe unaona vicheko vya darasani na matroni aliyemwaibisha. Katikati ya hayo umetupia maneno matano, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni: "Na nani atabaki na mtoto?" Mimi naomba nianze hapo hapo, kwa sababu mengine yote uliyoyataja yana watu wa kuyazungumzia, waalimu, wazee, serikali, majirani. Hili la mtoto kubaki na nani halina msemaji. Na ndilo linalowarudisha nyumbani mabinti wengi kuliko mnavyodhani, hata wale ambao baba zao waliridhia.

Kwanza nimjibu mzee, kwa heshima zote, maana la kwake ni jepesi kulijibu. Anachokumbuka si uongo. Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba mwanafunzi akishazaa harudi katika shule za serikali, na hata kabla ya hapo kufukuza wenye mimba ilikuwa ndiyo desturi. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi, na wizara ikatoa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Mwaka uliofuata ukatoka na mwongozo wa namna ya kuwapokea. Wenzetu wa Kenya walianza hayo tangu 1994. Kwa hiyo mwalimu uliyekutana naye gengeni hakukutania. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne serikali iliiondoa mwaka 2016, japo wewe mzazi unajua sare, madaftari, na michango ya chakula haikuondoka na ada.

Muda wa kurudi una ukomo, usikae ukidhani nafasi itamngoja tu. Ila waraka, mdogo wangu, haubebi mtoto mgongoni. Hapo ndipo nataka tukae.

Tuhesabu saa, kama unavyohesabu vitumbua. Wewe unaamka saa kumi alfajiri, sivyo? Unasaga mchele, unachanganya nazi na hamira, unasubiri uumuke, saa kumi na mbili uko stendi. Chai na vitumbua ni biashara ya asubuhi. Sidhani kama saa tano bado unauza. Siku ile ulimkuta Mwanaidi chini ya mwembe ulikuwa umerudi tayari. Naye akiwa mwanafunzi atatoka nyumbani kama saa kumi na mbili na nusu, atarudi saa tisa. Basi mchana mtoto yupo na wewe, kama alivyo sasa. Jioni yupo na mama yake. Pengo lililobaki ni asubuhi, kuanzia Mwanaidi anapofunga kamba za viatu mpaka wewe unapotua karai. Ni muda wa saa nne, labda nne na nusu. Mtoto wa miezi saba anakula uji, ananyonya alfajiri kabla mama hajatoka, ananyonya tena mama akirudi. Ikifika Januari atakuwa ameukaribia mwaka.

Saa nne si kidogo, najua. Lakini ukisema "nani atabaki na mtoto" unaona siku nzima, mwaka mzima, na kibanda chako stendi kimefungwa. Ukisema "nani atabaki naye mpaka saa tano" unaanza kuona watu.

Na mtu wa kwanza ninayemwona mimi ni yule uliyemtaja ukamwondoa hapo hapo. Hamisi.

Usicheke. Hamisi anamaliza mtihani Novemba. Matokeo yanatoka Januari, na kama Mungu akijalia, uchaguzi wa kidato cha tano na kuripoti ni kati ya mwaka, mwezi wa saba. Ina maana kuanzia Desemba mpaka karibu Julai una kijana mzima hapo nyumbani, ana macho mazuri, anajua kuwasha jiko, hana kipindi wala mtihani. Umeniandikia "yule ni mtoto wa kiume," ukaweka nukta. Hukusema hampendi mpwa wake, wala kwamba ni mzembe au mlevi. Mdogo wangu, hiyo si sababu, ni mazoea tu tuliyolelewa nayo. Mimi mwenyewe nimelea wa kiume watatu na ninajua namna mtu anavyomwita binti jikoni wakati mvulana kakaa karibu na jiko zaidi.

Kuna jambo jingine la Hamisi umelisema bila kulisimamisha. Alifeli kidato cha pili, akarudia. Je, kikao kilikaa? Baba alisema amemtia aibu? Kuna aliyetaja cherehani? Nadhani mlimnunulia madaftari mengine, mkamwambia akazane, na mwalimu wake wa jioni akawa dada yake. Mlifanya vizuri, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Nakuuliza tu, maana nafasi ya pili nyumbani kwenu ilishawahi kutolewa, na aliyemsaidia kaka yake aitumie ni Mwanaidi.

Sasa nisikupambie. Kumwachia kijana wa miaka kumi na minane mtoto mchanga kuna hatari zake. Hajazoea, atakuwa na simu mkononi, na jiko la mkaa ni jiko la mkaa. Rafiki zake wakimkuta na mtoto mgongoni watamtania mpaka achoke, na baba yake akirudi kutoka Handeni akamkuta anakoroga uji anaweza kuwasha moto mkubwa kuliko mlionao sasa. Pengine Hamisi mwenyewe atataka kwenda kutafuta kibarua, na ana haki. Tena Julai ataondoka. Kwa hiyo yeye ni daraja la miezi michache, si suluhisho la miaka miwili. Ila hii miezi michache ndiyo migumu kuliko yote, mtoto anapoanza kusimama na mama anapojaribu kukaa tena darasani. Unaweza pia kugeuza: Hamisi abebe ndoo na karai, akae stendi kuuza, wewe ubaki na mtoto asubuhi. Wanaume wanaouza chai stendi wamejaa, hakuna atakayemcheka. Hilo mzee anaweza kulimeza kwa urahisi zaidi, japo wateja wako wamezoea mkono wako na mauzo yanaweza kushuka mwanzoni.

Akiondoka Hamisi, kuna jirani wa kumlipa kwa siku. Fanya hesabu kwa uaminifu: asubuhi moja unabaki na faida ya shilingi ngapi, na mama mwenye mtoto wa umri huo huo hapo mtaani angekubali kiasi gani? Ikiwa malipo yanakula nusu ya faida, sema mapema, kabla hujamwahidi binti. Bibi pia usimwondoe kabisa. Macho yamepungua lakini kumbembeleza mtoto aliyelala, mtu mwingine akiwa karibu, anaweza.

Nje ya nyumba kuna mahali wamelifikiria jambo hili hili. Nchi hii ina vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, hivi tunavyoviita FDC, na katika baadhi yao kina mama wadogo wanasoma sekondari au fani huku mtoto yuko kwenye kituo cha malezi hapo hapo chuoni. Mkoa wako una vyuo hivyo. Fika ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, uulize kilicho karibu, kama malezi ya watoto yapo sasa hivi, na kama anapokelewa bweni au kutwa. Ubaya wake ni umbali. Ukimpeleka bweni na mtoto, wewe ndiye utakayebaki na nyumba iliyopoa, na yeye atakuwa mlezi peke yake usiku.

Kuhusu masomo yenyewe, usifungwe na mambo mawili. Kurudi shule ile ile kuna faida: wanamjua, matokeo yake ya kidato cha pili wanayo, ni karibu. Hasara umeitaja, na mimi naiona nzito kuliko vicheko. Vicheko vya wanafunzi huchoka. Lakini mtu mzima aliyemminya tumbo mbele ya darasa bado anashika funguo za choo na orodha ya zamu. Unaweza kuomba uhamisho kwenda shule nyingine ya kata, ingawa nauli na dakika za njiani zitaingia kwenye ile hesabu ya asubuhi.

Njia nyingine ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ina vituo mikoani, na kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, imekuwa ikiwapokea wasichana walioacha sekondari bila kuwatoza ada. Kule atakaa na waliopitia aliyopitia, na ratiba inaweza kuwa na nafuu. Ila masomo yanakwenda mbio, na maabara kwa mtoto anayependa kemia si jambo dogo. Usiishie kuuliza kama wanapokea. Uliza waliomaliza mwaka jana wamekwenda wapi, wangapi kidato cha tano, wangapi chuo. Anayeendesha kituo vizuri anakuwa na jibu.

Cherehani sitaisema vibaya. Mama aliyejua kushona alinisomesha mimi. Lakini kuna kushona kwa fundi wa mtaani, ambako atafagia na kukata nyuzi muda mrefu kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, na kuna fani ya VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, yenye mitihani na cheti. Kama mzee ana hela ya mashine, tayari ana hela ya kuanzia jambo, na hilo ni zuri. Tena wala shule na cherehani havigombani. Likizo ni ndefu. Kitu kimoja nikuombe ukifikirie: hiyo mashine ikija, nani atabaki na mtoto Mwanaidi akiwa kwa fundi? Naona hapo hakuna aliyeuliza. Sijui kwa nini mtoto anakuwa kikwazo kwa kitabu na si kwa sindano.

Hofu ya mimba ya pili ni hofu ya mzazi, na siibezi. Lakini kumweka nyumbani si kinga. Wasichana wanapata mimba wakiwa majumbani. Mnaporudi kliniki na mtoto, mwache aingie kwa nesi peke yake, azungumze uzazi wa mpango bila wewe kukaa kwenye kiti cha pili.

Na hapo nije kwa Mwanaidi, kwa sababu katika barua nzima amesema maneno mawili tu. "Mtakavyoamua, mama." Mtoto aliyesababisha mama yake alale chini uani, na baba yake amnyamazie kwa muda mrefu, hawezi kukwambia nataka hiki. Anaona ametumia haki zake zote. Lile daftari la kemia wewe umelisoma kuwa ni jibu, na labda ni jibu kweli. Inawezekana pia alikuwa anajaribu tu kama bado anaelewa. Muulize tena, si sebuleni, si mbele ya baba. Mkiwa mnapepeta mchele, muulize, "Ungekuwa huna mtoto, ungekuwa wapi sasa hivi?" Halafu, "Na kwa kuwa unaye, unaogopa nini?" Nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Kuna swali moja zito kuliko yote na sikuona kama limewahi kuulizwa: mimba ile iliingiaje? Walikuwa wapenzi, au alilazimishwa, au alidanganywa kitu? Mmekaa na wazee wa kijana, mmeombana radhi, mmepokea laki tatu. Yeye alikuwepo chumbani? Kama kuna jeraha hapo, kumrudisha kwenye madawati yale yale bila kulizungumza ni kumbebesha mawili.

Kuhusu yule kijana nitasema kwa tahadhari. Makosa ya namna hii si ya familia kusameheana yakaisha. Tangu Sheria ya Elimu ilipobadilishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kosa ambalo adhabu yake inafika miaka 30 jela. Sikwambii ukamfunge mtoto wa watu, wala sikwambii unyamaze. Najua vizuri kwa nini mlinyamaza. Nakwambia ili ujue uzito wa ulichokishika. Matunzo ya mtoto ni jambo jingine, na mjukuu wako anayo haki hiyo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iwe wazee wale walileta khanga au hawakuleta. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kumwona, ila kabla hujaenda, keti kwanza na msaidizi wa kisheria, umwambie yote, ili usijikute umefungua mlango uliokuwa hujajiandaa kuufungua. Mabati ya jikoni yanawafunika wote, sina ugomvi nayo. Mjukuu wako lakini bado hajaletewa chochote cha kwake.

Ndoa aliyoisema mwenzako wa stendi niipite haraka. Binti hajafika miaka 18, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vile vifungu vya Sheria ya Ndoa vya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo vinakwenda kinyume na Katiba. Akifikisha umri, ataamua. Kwa sasa kijana mwenyewe hajauliza hata jina la mtoto.

Mzee usimkabili na waraka mkononi kama askari; ataona mmemshitaki. Mtu anayeuliza kwanza mjukuu wake yuko wapi si mtu aliyefunga moyo. Hasira yake naisoma kama ya mtu aliyefyatua matofali akajenga, ukuta ukaanguka, na sasa anaambiwa aanze tena bila uhakika wa saruji. Mpe anachokijua: hesabu. Mwoneshe saa nne za asubuhi, mwoneshe nani atazishika mwezi upi, na gharama ni kiasi gani. Mwambie mtajaribu muhula mmoja, mkae tena Juni. Hamisi awepo kwenye kikao hicho, aulizwe, asipangiwe tu kama dada yake alivyozoea kupangiwa. Anaweza kukataa. Akikataa, jueni mapema.

Kabla shule hazijafungwa Desemba, nenda kwa mkuu wa shule, mkiwa wawili, wewe na Mwanaidi. Muulize wanahitaji barua gani na fomu gani, ataanza kidato cha tatu upya au vipi, na nafasi ya kurudi inafungwa lini. Muulize pia, mlango ukiwa umefungwa, yule matroni atakuwa na madaraka gani juu yake. Namna atakavyojibu hilo la mwisho itawasaidia kuamua kati ya shule hiyo na nyingine.

Mkishakaa, niandikie mlifika wapi, hata kama mmeamua cherehani. Na kama Mwanaidi naye ana la kusema ambalo hawezi kulisema mbele yenu, mpe karatasi na bahasha aandike mwenyewe. Nitamjibu yeye.

Wako,
Shangazi